Vespa na Lambretta: chombo cha mnyonge kilichogeuka lulu

Vespa ya kwanza ilipotoka mwaka 1946 iliuzwa lira 55,000. Ilikuwa na injini ya cc 98, nguvu ya farasi tatu na kidogo, na mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 60 kwa saa. Taa yake ilikaa juu ya madigadi ya mbele, breki zake zilikuwa ngoma ndogo, na petroli yake ilibidi ichanganywe na oili. Kilikuwa chombo cha mtu ambaye gari hana na hatarajii kulipata. Leo mwenye Vespa ya mwaka huo, ikiwa nzima na karatasi zake zipo, anaweza kuiuza kwa bei ya gari jipya, na mnunuzi akaondoka akiona ndiye aliyepata.

Tungeweza kusema haya ni mambo ya wakusanyaji wa vitu vya kale, tukaishia hapo. Shida ni kwamba skuta hizi hazikai kwenye makabati ya vioo. Zinaendeshwa. Wenye nazo huvuka nazo mipaka ya nchi kwa mwendo unaowafanya madereva wa malori wapige honi, hulala kwenye mahema, hubishana usiku kucha kuhusu kabureta, kisha hurudi makwao nguo zikinuka moshi. Na wamo vijana ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa mashine hizo zilipotoka kiwandani.

Kwa nini zinapendwa hivi? Jibu linalokuja haraka ni uzuri: mistari ya mviringo, kiuno chembamba, rangi zinazopendeza. La pili ni sinema: mwaka 1953 Audrey Hepburn na Gregory Peck walionekana wakikatiza mitaa ya Roma juu ya Vespa, na watu wa mataifa mengi wakatamani kupita vilevile. Yote mawili ni kweli, ila hayatoshi. Miaka ya 1950 nchi nyingi za Ulaya zilikuwa na skuta zake, na baadhi zilikuwa bora kiufundi. Heinkel Tourist ya Wajerumani ilikuwa na injini ya mapigo manne, tulivu, isiyotaka kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Nani anaitaja leo, zaidi ya wachache wanaozijua?

Mimi naona skuta za Kitaliano zimedumu kwa sababu ya namna zinavyoharibika. Huharibika kwa makosa madogo madogo, mahali ambapo mkono unafika, na spea zake hazijawahi kukauka sokoni. Mwenye nayo hana budi ajifunze, na anayejifunza hana budi amtafute anayejua. Mengine yote, sinema na mitindo ya nguo, yamekuja juu ya msingi huo.

Mhandisi wa ndege asiyependa pikipiki

Kampuni ya Piaggio ilianzishwa mwaka 1884 na Rinaldo Piaggio jirani na Genoa, ikitengeneza mapambo na samani za ndani ya meli. Baadaye ikaingia kwenye mabehewa ya reli, kisha kwenye ndege, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiunda P.108, ndege ya mabomu yenye injini nne. Kiwanda chake cha Pontedera, Tuscany, nacho kilipigwa mabomu hadi kikawa kifusi. Vita ilipokwisha, Enrico Piaggio, mtoto wa Rinaldo, alijikuta ana mafundi waliobobea katika kukunja na kuchomelea bati, ila kazi ya ndege haipo tena. Nje ya geti kulikuwa na nchi nzima inayotembea kwa miguu.

Jaribio la kwanza la skuta, MP5, wafanyakazi walilibatiza Paperino, jina la Donald Duck kwa Kitaliano. Katikati lilikuwa na kiuno kinene kilichomlazimu mpandaji arushe mguu. Enrico hakuridhika nalo. Akamwita Corradino D'Ascanio.

Huyu alizaliwa Popoli, Abruzzo, mwaka 1891, na moyo wake wote ulikuwa kwenye helikopta. Oktoba 1930 helikopta aliyoibuni iliweka rekodi za dunia kwenye uwanja wa Ciampino, Roma. Pikipiki hakuzipenda hata kidogo, na sababu zake zilikuwa za mtu anayekwenda kazini na nguo safi: zinachafua, mnyororo unarusha grisi kwenye suruali, pancha ikitokea njiani ni kazi pevu, na kukaa juu yake hakuna raha. Kwa hiyo alichora chombo kipya kwa kuifuta lawama moja baada ya nyingine.

Mnyororo aliuondoa kabisa. Injini na giaboksi vimeshikana na gurudumu la nyuma, nguvu inakwenda moja kwa moja. Injini yenyewe akaifunika kwa bati. Gia akazihamishia kwenye mkono wa kushoto, palepale penye klachi, ili dereva asiachie usukani. Gurudumu la mbele akalishika kwa upande mmoja tu, mtindo uliozoeleka kwenye magurudumu ya ndege, hivyo kulitoa ni kufungua nati na kulivuta pembeni. Chasisi ya mabomba haipo. Bodi ya bati ndiyo chasisi. Kila kitu kimeshikizwa humo, na hapo unamwona mtu wa ndege akiwa kazini.

Mbele akaweka ngao ya kukinga matope na upepo, na kati ya ngao na kiti akaacha wazi. Uwazi huo mdogo ulibeba mambo makubwa. Mwanamke mwenye sketi akapanda bila kuangaliwa vibaya, padri akapanda na joho lake. Unguja, ambako Vespa mpaka leo ni chombo cha kwendea kazini na sokoni, kanzu na buibui hupanda bila tabu. Jaribu kanzu juu ya pikipiki ya kawaida, utaelewa.

Hati ya ubunifu iliwasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Enrico alipoiona mashine na kuisikia ikinguruma, alisema inafanana na nyigu, yaani vespa kwa Kitaliano, na jina likabaki hilo. Mwaka huo zilitengenezwa 2,484. Miaka kumi baadaye, Juni 1956, ilitoka ya milioni moja.

Kasoro zilikuwepo, na zipo mpaka leo. Injini imekaa upande wa kulia, kwa hiyo chombo kina uzito wa upande mmoja, jambo ambalo mgeni hulihisi siku ya kwanza. Magurudumu ni madogo: shimo ambalo pikipiki kubwa hulipita bila habari, Vespa huliingia. Nani atakwambia ni chombo salama kuliko vingine? Si mimi.

Mpinzani kutoka Lambrate

Ferdinando Innocenti alitajirika kwa mabomba ya chuma, na kiwanda chake kilikuwa Lambrate, pembeni ya Milan. Naye vita ilimwachia magofu na wafanyakazi wasio na kazi. Lambretta yake ya kwanza, Model A, ilitoka Oktoba 1947, na ukiitazama unajua mara moja imetoka kwa mwenye mabomba: uti wa mgongo wake ni bomba nene la chuma, injini iko katikati, na vifuniko vya bati vya pembeni vilikuja baadaye kama nguo ya kuvisha. Vua nguo hiyo, Lambretta bado inatembea. Ya Vespa huwezi kuivua, kwa sababu bodi ndiyo mwili wenyewe.

Tofauti hii ndiyo mzizi wa ubishi ambao haujaisha kwa zaidi ya miaka 75. Wenye Lambretta husema chombo chao kimekaa sawa barabarani kwa sababu uzito uko katikati, na kinaonekana kirefu na chembamba, hasa toleo la tatu la Li lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenye Vespa hujibu kwamba chao kina vipande vichache vya kuharibika. Wote wana haki. Kampuni zenyewe zilishindana mpaka kwenye rekodi za mwendo: Februari 1951 Vespa ya cc 125 iliyoundwa mfano wa kombora ilifika kilomita 171 kwa saa, Agosti mwaka huohuo Romolo Ferri akaipeleka Lambretta ya cc 125, iliyofunikwa bodi ya kukata upepo, mpaka kilomita 201. Kwenye skuta ya dukani ya wakati huo, hakuna aliyefika hata nusu ya hapo.

Lambretta ilitangulia pia kwenye breki: TV 175 ya mwaka 1962 ilikuja na breki ya diski mbele, wakati pikipiki karibu zote zilikuwa bado na ngoma. Haikusaidia. Fiat 500 ilikuwa imetoka mwaka 1957, na familia ya Kitaliano iliyopata nafuu kidogo haikutaka tena kulowa mvua, baba mbele, mama nyuma, mtoto amesimama katikati. Mwaka 1971 Innocenti iliacha kutengeneza Lambretta Italia.

Hapo ndipo hadithi ingekwisha, kama ilivyokwisha kwa Heinkel. Iliendelea kwa sababu ya India.

Mitambo iliyohamia Lucknow

Serikali ya India ilinunua mitambo ya Lambretta na kuihamishia Lucknow, chini ya shirika la Scooters India. Mtambo uleule uliokuwa ukikunja bati Milan ukaendelea kukunja bati ileile huko. Kwa upande wa Vespa, Bajaj Auto ilikuwa ikizitengeneza kwa leseni ya Piaggio tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leseni ilipokwisha mwaka 1971, ikatoa ya kwake, Chetak, iliyobeba damu ya Vespa waziwazi. Kwa miaka mingi Mhindi aliyeagiza Chetak alisubiri miaka hadi kumi kuipata. Baadaye LML ya Kanpur nayo ikatengeneza Vespa aina ya PX kwa ubia na Piaggio, kisha kwa jina lake yenyewe, nyingine zikarudi kuuzwa Ulaya na Marekani.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kueleweshwa Bajaj ni nani. Lakini si wengi wanaojua kwamba bajaji anayoipanda ni binamu wa Vespa. Mwaka 1948 Piaggio ilichukua skuta yake, ikaiongeza gurudumu la tatu na sehemu ya kubebea mizigo, ikaiita Ape. Leseni iliyokwenda India ilihusu skuta na chombo hicho cha magurudumu matatu. Tuktuk za Mombasa ziko kwenye ukoo huohuo, na nyingi zina jina la Piaggio usoni.

Kwa mpenda skuta wa Ulaya, maana ya haya yote ni moja: ringi, pistoni, klachi na waya za chombo kilichozaliwa 1962 ziliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi baada ya hapo. Piaggio yenyewe ilisaidia bila kukusudia. PX, iliyotoka 1977, ilibaki sokoni, kwa vipindi, mpaka ndani ya muongo wa 2010, ikiwa na kanuni zilezile za D'Ascanio. Injini yake, kwa marekebisho machache, hukaa ndani ya bodi ya Vespa nyingi za miaka ya 1960. Kwenye magari ya zamani bahati kama hiyo ni adimu.

Suti safi, koti la jeshi

Ukitaja skuta hizi Uingereza, utasikia kuhusu mods, vijana waliopenda mavazi ya mtindo na muziki. Watu hufikiri vijana hao walichagua Vespa na Lambretta kwa ajili ya picha tu. Picha ilikuwemo, ila kulikuwa na hesabu pia. Kijana wa London wa mwaka 1962, karani au muuza duka, alikuwa ameweka mshahara wake kwenye suti nyembamba ya mtindo wa Kitaliano. Muziki aliupata usiku, treni zilikoma kabla ya muziki, na pikipiki ingemharibia suti. Skuta ilimfunika miguu, ilinunuliwa kwa kulipa kidogo kidogo, na ilikuwa ya Kitaliano kama suti. Juu ya suti alivaa parka, koti la ziada la jeshi la Marekani lililopatikana kwa bei ndogo, kukinga mvua na oili. Vioo na taa walizozipanga mbele, wengine kwa dazeni, vilikuwa vya kujionyesha, na hakuna haja ya kuvitafutia maelezo ya ndani zaidi.

Sikukuu za mwaka 1964, Pasaka kule Clacton, kisha Mei huko Brighton na Margate, mods walipambana na rockers, vijana wa makoti ya ngozi na pikipiki kubwa za Triumph na BSA. Ngumi zilikuwepo, viti vya ufukweni vilirushwa. Magazeti yakaandika utadhani nchi imevamiwa. Mwanasosholojia Stanley Cohen alilichunguza tukio hilo na kuonyesha jinsi habari zilivyotiwa chumvi mpaka hofu yenyewe ikawa kubwa kuliko kosa. Skuta ikabakiwa na sifa ya uasi ambayo Enrico Piaggio hakuiomba.

Kwangu kipindi muhimu zaidi ni kile kilichofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana wapya walipoipenda tena mitindo ya mods, Lambretta ilikuwa imeshakufa Italia. Walichokipata ni vyuma chakavu: skuta zilizotupwa nyuma ya nyumba, zimeoza sakafu, injini zimejamu. Walizinunua kwa pesa ya mfukoni na kulazimika kuzifufua wenyewe. Wengi wakaacha suti, wakavaa mabuti na majaketi yenye mabeji ya vilabu, wakakata bati lisilo la lazima, wakaongeza ukubwa wa silinda. Waliitwa scooterboys. Mikutano yao ya wikiendi kwenye miji ya pwani, na mkubwa kabisa wa Agosti katika kisiwa cha Wight, ndiyo iliyozaa kizazi cha mafundi na wauza spea wanaoushikilia ulimwengu huu hadi sasa.

Kando ya barabara

Tuchukue pancha ya gurudumu la nyuma la PX, lawama ileile ya D'Ascanio. Unasimamisha skuta, unafungua kifuniko cha kushoto kwa kuvuta kishikizo, na ndani unakuta tairi la akiba. Kulia iko injini, kushoto tairi. Mizani imepatikana kidogo. Unachukua spana namba 13, unalegeza nati tano za rimu, unailaza skuta kwa ubavu, nati zinatoka, gurudumu linatoka, la akiba linaingia. Hukushika mnyororo, hukuchomoa ekseli, hukugusa breki. Mwenye uzoefu hutumia dakika chache, na suruali yake bado inafaa kuingia ofisini.

Sasa chukua jambo baya zaidi. Injini ya mapigo mawili hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli: kwa nyingi za kuanzia miaka ya 1960, asilimia mbili, yaani mililita 200 kwa lita kumi. Ukisahau, au kabureta ikipitisha hewa nyingi kupita kiasi, silinda hupata joto, pistoni hutanuka na kukamata. Gurudumu la nyuma hufunga ghafla ukiwa kwenye mwendo. Ndiyo maana mkongwe yeyote atakufundisha jambo moja kabla ya mengine: vidole viwili vya mkono wa kushoto visiache klachi. Mlio ukibadilika, ukiwa mkavu na mwembamba, vuta klachi upesi, acha chombo kiteleze mpaka pembeni. Subiri ipoe. Piga kiki taratibu. Mara nyingi huwaka, na unaendelea na safari ukiwa mnyenyekevu.

Maarifa ya namna hii hayaingii vizuri kwenye kitabu cha maelekezo, kwa sababu ni ya sikio na ya mkono. Mtu huyapata kwa kusimama karibu na anayeyajua. Ndiyo maana mkutano wa wenye skuta za zamani una sura yake: sehemu ya watu wanapiga picha, na sehemu kubwa wamechuchumaa kuzunguka mashine moja iliyofunguliwa, kila mmoja na maoni yake. Sheria isiyoandikwa inajulikana kila nchi: ukimwona mwenzako amesimama kando ya barabara, unasimama. Hata kama yeye ni wa Lambretta na wewe wa Vespa. Utamtania kwanza, kisha utampa waya.

Vilabu rasmi vilianza mapema, na vilianza kama biashara. Mwaka 1949 vilabu vya Italia viliungana Viareggio, Piaggio ikiwa nyuma yao, kwa sababu kampuni ilijua mwenye klabu hauzi chombo chake upesi. Mwaka 1954 mkutano wa Ulaya, Eurovespa, ulifanyika Paris. Tangu 2007 unaitwa Vespa World Days na huzunguka dunia: 2022 ulikuwa Bali, 2024 Pontedera kwenyewe. Lakini klabu ilishaikimbia kampuni zamani. Spea nyingi leo zinatoka kwa waliokuwa wapenzi wa skuta wakafungua biashara, mfano SIP ya Landsberg, Bavaria, na kwa viwanda vya Kitaliano vya kuongeza nguvu kama Polini na Malossi. Unaweza sasa kuunda injini nzima ya Vespa au ya Lambretta kwa vipande vipya ambavyo havikupita kwenye milango ya Piaggio wala Innocenti.

Ipi ni ya kweli?

Ubishi wa pili kwa ukubwa, baada ya ule wa Vespa na Lambretta, ni huu: ipi ihesabiwe ya asili? Wapo wanaoweka mpaka kwenye nchi: iliyotoka Italia tu. Kwa kipimo hicho Lambretta ya Lucknow iko nje, na ile ya Serveta, iliyotengenezwa Eibar, Hispania, iko nje pia. Wengine huweka mpaka kwenye mfumo: bati, gia za mkononi, mapigo mawili. Kwa hao LML inaingia, na Vespa za kisasa za otomatiki, kama ET4 ya mwaka 1996, zinabaki mlangoni. Mimi niko na kundi la pili. Mtu aliyeshusha injini ya Chetak yake na kuirudisha ikawaka anajua siri zote ambazo mwenye Vespa ya 1958 anazijua.

Mpaka ambao una maana zaidi kwa mfuko wako ni kati ya skuta iliyokarabatiwa na iliyopambwa. Miaka ya 1990 na 2000 skuta nyingi zilitoka Vietnam kwenda Ulaya na Marekani, zinang'aa, rangi mbili, viti vyeupe. Mafundi wa Saigon ni hodari, hilo lisibishaniwe; walifufua mashine zilizopita vitani bila spea. Lakini nyingi za kuuza nje ziliunganishwa kutoka vipande vya skuta mbili au tatu, nyufa zikafunikwa na puti, sakafu ikachomelewa kwa bati jembamba. Kumbuka bodi ya Vespa ndiyo chasisi: ikipasuka chini ya puti, hakuna kitu kingine kinachokushikilia. Wanaojua hupitisha sumaku juu ya bati kutafuta puti, kisha hulinganisha herufi za namba ya bodi na za injini. Siku hizi skuta ya Kitaliano iliyobaki na rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imechakaa, mara nyingi hupendwa kuliko iliyopakwa upya.

Indonesia wana njia yao kabisa. Huko kuna Vespa zilizorefushwa mita kadhaa, zimebebeshwa matairi, mbao na takataka, na ziko barabarani. Na kuna zile wanazoziita Vespa Kongo: serikali iliwapa zawadi ya Vespa askari wake waliorudi kutoka Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikokwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Mwenye nayo ikiwa na kibati chake na karatasi huitunza kama hati ya shamba.

Moshi

Linalowasumbua wote sasa ni moshi. Injini ya mapigo mawili huchoma oili yake yenyewe, na kiasi cha petroli hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Huo si uzushi wa wanaharakati; ndivyo injini hiyo inavyofanya kazi. Genoa, jirani kabisa na alikoanzia Rinaldo Piaggio, halmashauri ilipotangaza mwaka 2015 mpango wa kuzuia pikipiki na skuta za kabla ya 1999 mjini, wenye Vespa walikuja juu. London imechukua njia nyingine: ada ya magari yanayochafua hewa haikihusu chombo kilichofikisha miaka 40 na kusajiliwa kama cha kihistoria. Kwa hiyo PX za katikati ya miaka ya 1980 zinaingia kwenye msamaha huo moja baada ya nyingine.

Wapo walioamua kutoa injini na kuweka mota ya umeme na betri ndani ya bodi ya zamani, kazi inayofanyika bila kukata bati, ili siku ukitaka urudishe kilichokuwepo. Kelele zilizopigwa dhidi yao si ndogo. Wanaambiwa wameua chombo. Nawaelewa wanaolalamika, maana mota ya umeme haina kabureta ya kusafisha wala sauti ya kusikilizia, na mwenye nayo hana sababu ya kumgongea jirani mlango saa tatu usiku akiomba ringi. Ila wasimtaje D'Ascanio kwenye kesi yao. Alitaka chombo kisichochafua nguo, kisicho na mnyororo, na ambacho mtu yeyote anaweza kukiendesha bila kuwa fundi.